Mchora Vibao na Kadi Yake

Mtu aandikaye majina ya wenzake huweza kuishi miaka mingi bila ya kuliandika lake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchora vibao mmoja wa mji wa Tabora, mkazi wa mtaa wa Isevya. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi brashi yake ilipita juu ya milango ya wauza asali, vinyozi, washona nguo na wauza dawa; ilipita ubavuni mwa malori ya tumbaku na juu ya kuta za shule. Aliwaandika wakarimu na wachoyo kwa herufi za kimo kimoja, maana rangi haibagui. Lakini hapakuwa na kibao hata kimoja mjini kilichosema nani aliyekichora. Wapita njia waliisoma kazi yake kila siku, na hawakumjua.

Hakuwa na tajiri wa kumwajiri. Alikuwa mmoja wa watu wale ambao kila asubuhi huamka bila ya kujua nani atawaita, na kila jioni hulala wakijua kwamba malipo ya leo hayana mkataba na kesho. Kazi ilimfikia kwa vinywa: kinyozi alimwambia mshona nguo, mshona nguo akamwambia shemeji yake, na shemeji akaja na kopo la rangi mkononi. Njia hiyo ilimlisha, ikamvisha, ikamsomesha binti yake mpaka sekondari. Kisha ikaja mitambo ya kompyuta ichapayo maneno na picha juu ya turubai kwa muda mfupi, na vinywa vikaanza kutaja mitambo badala ya mtu.

Siku moja mgeni aliyekuwa na kazi ya ujenzi nje ya mji alisimama akamtazama akimalizia herufi ya mwisho juu ya duka moja la Kanyenye. Aliipenda kazi. Alisema kwamba alihitaji vibao thelathini.

"Bwana Fundi, nipe kadi yako," akasema.

Fundi hakuwa na kadi. Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akaandika namba yake ya simu kwa brashi, akampa. Rangi ilikuwa mbichi. Mgeni alikishika kipande kile kwa ncha za vidole viwili, kama mtu ashikavyo samaki asiyemtaka. Akakiweka juu ya paa la gari ili afungue mlango, akaingia, gari likaondoka. Simu haikulia siku ile, wala siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata.

Jioni binti yake aliisikia habari hiyo. Hakucheka. "Baba," akasema, "majina ya mji huu wote umeyaandika wewe. La kwako litaandikwa na nani?"

Kesho yake fundi alikwenda kwenye duka la kuchapia karatasi. Kijana wa duka alimpa karatasi yenye mistari minne mitupu ili aijaze: jina, kazi, anwani, namba. Alidhani angemaliza kabla ya chai kupoa. Alirudi nyumbani na karatasi tupu, na ikamchukua siku nne kuijaza, kwa sababu maswali yale yalikuwa mafupi kwa kuulizwa na marefu kwa kujibiwa.

Jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alipomkuta chini ya mwembe ameishika karatasi ile, alimpa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," kisha akaketi. Alipoelezwa jambo lenyewe hakulipenda.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema mzee. "Kadi ni kujitembeza. Kazi yako imekaa juu ya milango, na mwenye macho huiona."

Methali hiyo ni ya kweli, na mara nyingi mtu huitumia ili asitoke nyumbani. Chema chajiuza mahali kinapoonekana. Pembe ya ndovu ilikuwa chema kuliko vyema vyote vya njia ile ya kale iliyopita Tabora. Hata hivyo haikufika Bagamoyo kwa miguu yake. Ilibebwa mabegani mwa watu mwendo wa maili mia tano na zaidi, ikavuka Ugogo pasipo maji, ikalipiwa hongo kwa watemi wa njiani, ndipo ikaonekana na macho ya mnunuzi. Fundi alimjibu mzee kwa maneno machache kuliko hayo. Alisema, "Shikamoo yangu umeipokea, Mzee, lakini yule mgeni hakuitazama milango yote. Aliutazama mkono wangu, akauona mtupu." Mzee akanyamaza. Karatasi ikabaki.

Swali la kwanza lilikuwa la jina. Kitambulisho cha taifa kilimpa fundi majina matatu ambayo mtaani hayakujulikana. Mtaani aliitwa Fundi Rangi, na watoto waliokua wakimwita hivyo sasa ni baba na mama wa watu. Jina la kwanza lilikuwa la haki lakini halikuwa na mteja. La pili lilikuwa na wateja lakini hakulichagua. Aandike lipi?

Tabora ni mahali pafaapo kulifikiria swali hilo, kwa kuwa ni nchi ambayo majina yake makubwa yalitolewa na vinywa vya wengine. Jina la Wanyamwezi lenyewe linasemekana kuwa lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaona wageni wakitoka upande wa magharibi, mahali mwezi mchanga unapoonekana kwanza. Nao waliokwenda pwani kwa kazi wakalichukua, wakarudi nalo kama mtu arudivyo na nguo aliyoipata safarini. Mtemi wa Urambo aliyetikisa njia ya misafara kati ya miaka ya 1870 na kifo chake mwaka 1884 alizaliwa akiitwa Mtyela; vita vilimpa jina la Mirambo, maana yake maiti, na jina hilo ndilo lililokwenda mbele yake vijijini kabla ya askari wake kufika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake alikaa karibu na Tabora akaoa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe, alijulikana mpaka Kongo kwa jina la Tippu Tip, ambalo kwa maelezo mashuhuri lilitokana na mlio wa bunduki zake. Majina haya yalifanya kazi ya kadi: yalitangulia, yakafungua milango au yakaifunga. Lakini mwenye jina hakuulizwa. Hamed bin Muhammed alipata bahati ambayo wachache wa njia ile waliipata. Mwisho wa umri wake aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na hivyo akasema mwenyewe alikuwa nani. Maelfu kwa maelfu ya watu waliobeba mizigo yake hawakupata hata mstari mmoja.

Yuko mtu mwingine wa njia ile ambaye mchora vibao yeyote angeweza kumwita babu wa kazi yake. Daktari Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873, Jacob Wainwright, Myao aliyesoma shule Nassik kule Bara Hindi, alichonga juu ya mti jina la marehemu na tarehe, pamoja na majina ya baadhi ya wakubwa wa msafara. Kipande cha mti huo kilipelekwa London, kikahifadhiwa. Wainwright aliufuata mwili hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza katika mazishi ya mwaka 1874. Kisha akarudi Afrika, akafariki Urambo mwaka 1892. Aliyeandika jina la mwenziwe juu ya mti wa porini alizikwa katika nchi hii hii ya Unyamwezi, na ni wachache wanaolitaja jina lake wapitapo Urambo.

Fundi aliandika majina yote mawili: juu lile la kitambulisho, na chini yake, kwa herufi ndogo, Fundi Rangi. La juu ni alilopewa na wazazi, la chini ni alilopewa na kazi. Aliona si haki kulificha mojawapo.

Swali la pili lilikuwa la kazi. Hapa kijana wa duka alitaka kumsaidia.

"Andika Mkurugenzi Mtendaji," akasema. "Watu wote huandika hivyo."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Wa kampuni."

"Kampuni ina watu wangapi?"

Kijana alifikiri kidogo. "Wewe, Baba," akajibu.

Mzaha huo una uchungu ndani yake. Mtu afanyaye kazi peke yake huona haya kwa upweke wake, akajikusanyia vyeo ili aonekane wengi. Ajiitapo mkurugenzi humdanganya mteja kidogo, na hujidanganya mwenyewe zaidi, kwa kuwa siku mteja atakapokuja kumtafuta mkurugenzi, atamkuta mtu mwenye ngazi na kopo. Lakini haya hiyo ina asili yake, nayo imo ndani ya lugha. Kiswahili humwita mtu wa kazi ya siku kibarua, na kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu aliyekodiwa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha ili alipwe; karatasi ikawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Yaani katika lugha hii mtu asiye na tajiri wa kudumu huitwa kwa kadi aliyopewa na tajiri wa siku moja.

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hakuwa na haya hiyo. Wengi wao walikuwa watu huru waliokwenda pwani kwa mapatano ya ujira. Mzigo ulijulikana uzito wake, aghalabu frasila mbili au karibu na hizo. Malipo yalijulikana, kwa nguo za merikani na bidhaa nyingine. Na mpagazi aliyeona mapatano yamevunjwa aliweza kuutua mzigo chini. Kijana aliyekuwa hajasafiri bado alihesabiwa kama mtu ambaye hajakamilika. Kadi yake ilikuwa sugu la bega. Na aliyewatangulia wote, kirangozi, alivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ili hata mtu wa mwisho wa msafara ajue wapi pa kufuata. Vazi lile lilisema kazi yake waziwazi: huyu ajua njia. Halikusema kwamba yeye ni sultani, wala kwamba mizigo ni mali yake. Na kama alikuwa haijui njia, manyoya hayakumwokoa na kiu ya Ugogo.

Fundi aliandika maneno mawili: Mchora Vibao. Kijana wa duka aliona ni machache mno kwa nafasi iliyokuwapo, akataka kuyazungushia maua. Fundi, ambaye aliyajua maua kuliko yeye, akakataa.

Swali la tatu, la anwani, ndilo lililomchelewesha zaidi. Mtu wa Tabora hamwelekezi mgeni kwa namba ya nyumba. Humwelekeza kwa mwembe. Miembe ni kumbukumbu ya njia ya misafara, na bado huonyesha njia kwa watu ambao hawana habari na misafara. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchini kote, mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Hata hivyo namba hubandikwa ukutani kwa siku moja, nayo huchukua miaka kuingia katika vinywa. Na sanduku la posta? Fundi, kama watu wengi wasio na ofisi, kwa miaka mingi alipokea barua zake kwa sanduku la shule aliyosoma binti yake, na kuliandika sanduku la shule juu ya kadi ya mchora vibao kungemfanya aonekane mwalimu.

Tatizo hili si la Tabora peke yake wala si la leo. Katika mji wa London wa karne ya 17 na ya 18, kabla nyumba hazijatiwa namba kwa utaratibu, wafanya biashara walichapisha kadi zilizoeleza duka liko katika alama ipi, karibu na kanisa lipi, mkabala wa nini. Kadi ilikuwa ramani ndogo. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kadi, tangu mwanzo wake, haikuwa ya kumtukuza mtu bali ya kumfanya apatikane.

Watu wa njia ya kati walikuwa na njia zao za kupatikana. Msafara uliingia mjini na bendera mbele. Stanley alipofika Ujiji mwezi wa Novemba mwaka 1871 bendera ya Marekani ilimtangulia, ikasema habari ya taifa lake kabla hajasema yeye. Naye Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumlaki, akarudi kumpasha bwana wake habari. Bendera ilikuwa kadi, na Susi alikuwa mlango wa kuipokea. Wapagazi nao walikuwa na utani. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo au kwingineko pwani aliwakuta watani wake, akatukana na kutukanwa kwa furaha, akapata mahali pa kulala, na kama alifia huko akapata wa kumzika. Utani ulikuwa anwani ya mtu asiye na nyumba mahali alipo.

Lakini anwani za namna hiyo huvunjika msafara unapotawanyika. Watu walioubeba mwili wa Livingstone walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba mwaka 1873 walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo kwa sababu ya hatari zilizo mbele. Chuma, Susi na wenzao walikataa, wakaendelea na mzigo wao mpaka Bagamoyo. Baadaye Chama cha Jiografia cha London kiliwatengenezea nishani sitini za fedha. Nishani zilipofika Unguja wengi wa watu wenyewe walikuwa wamekwisha tawanyika, kila mtu kwa safari yake nyingine. Sifa ilikuwapo, ikiwa imechongwa juu ya fedha. Aliyekosekana ni mwenyewe. Si rahisi kupata mfano bora wa msiba wa mtu wa kazi za kujitegemea: hutenda jambo linalostahili kukumbukwa, kisha shukrani humtafuta wala haimpati.

Fundi aliandika: Isevya, kwenye mwembe mkubwa, Tabora. Kijana wa duka alicheka, lakini akachapa.

Swali la nne lilikuwa namba ya simu, nalo lilionekana jepesi kupita yote. Mzee wa reli ndiye aliyelifanya zito. Aliposikia neno namba alitikisa kichwa, akasema kwamba kaka ya baba yake alikwenda Tanga akiwa na jina, akawa namba.

Maana ya maneno hayo ilijulikana vizuri katika nchi za bara. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, bega la mpagazi lilikoma kuwa njia ya biashara. Watu ambao baba zao waliteremka pwani kwa mapatano yao wenyewe walipelekwa huko kwa mikataba ya mashamba ya mkonge, na waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kilichowachukua watu kutoka majimbo ya mbali. Shambani kazi iliandikwa juu ya kipande: siku thelathini za kazi zikitimia, ndipo kipande kikalipwa. Katika nchi ya Kenya neno hilo hilo lilikuwa na uchungu zaidi. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kijaluba cha bati ambacho wengi walikivaa shingoni. Hata aliyekuwa mjuzi kuliko tajiri wake hakuwa na ruhusa ya kuongeza neno moja juu ya karatasi ile iliyomhusu yeye.

Basi njia hii imejaa karatasi zilizomtaja mtu wa kazi: kibarua, kipande, namba ya manamba. Hata katika miaka ya karibuni, serikali ilipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kuanzia Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, wachuuzi wengi walivipokea kwa shukrani kwa kuwa viliwapunguzia bughudha. Lakini navyo vilikuwa karatasi iliyoandikwa na mwingine. Kila karatasi ya namna hiyo hujibu swali la mwenye mamlaka: huyu ni wa nani, na amelipa nini? Kadi ndogo ambayo mtu hujichapishia mwenyewe hujibu swali jingine: ukinihitaji, utanipataje? Manamba hakupewa namba ili apigiwe, alipewa ili ahesabiwe. Namba ya simu juu ya kadi ya fundi, ijapokuwa ni tarakimu kama zile, imegeuka uso: yeye ndiye aitoaye, humpa amtakaye, na anayeipokea ndiye anayepaswa kumtafuta.

Fundi hakuyasema hayo. Aliiandika namba yake polepole, tarakimu moja moja, kwa mkono wake uliozoea herufi kubwa, akaitazama kwa muda mrefu.

Kadi mia moja zilitoka siku ya tano. Wiki ya kwanza alizitoa kama mtu agawaye mchele wa sadaka: kwa waliouliza na wasiouliza, arusini, msibani, kituo cha mabasi. Alizikuta nyingine njiani zimekanyagwa. Wajapani hutoa kadi kwa mikono miwili, na aipokeaye huisoma kwanza kabla ya kuiweka, kwa kuwa kwao kadi huhesabiwa kama uso wa mtu. Fundi hakuwa amefika Japani, lakini kadi zilizokanyagwa zilimfundisha adabu hiyo hiyo. Tangu hapo hakutoa kadi ila baada ya kazi kukamilika, nayo aliitoa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama desturi ya heshima ilivyo.

Yule mgeni wa vibao thelathini hakurudi. Kadi haikuleta utajiri. Ililetea nyumba ya fundi simu tatu au nne kwa mwezi, ambazo zisingalikuja; hizo zilitosha karo ya muhula mmoja, na muhula mmoja si kitu kidogo kwa msichana aliye darasani.

Masika yalianza mwezi wa Novemba, yakaendelea kwa nguvu. Mwezi wa Machi mama mmoja mwenye duka la vitenge alifika Isevya kwa miguu, matope mpaka juu ya vifundo vya miguu. Aliuliza mwembe mkubwa, akaonyeshwa. Mkononi alikuwa na kadi.

"Hodi. Kadi hii ni yako, Baba?"

"Karibu, Mama. Ni yangu."

"Basi njoo ukaone kibao chako."

Fundi alikwenda. Herufi za kibao zilikuwa zimebanduka, nyingine zimeondoka kabisa, hata jina la yule mama lilisomeka kama jina la mtu mwingine. Hakuhitaji kuuliza sababu. Bei ya rangi ilikuwa imepanda, naye aliizimua kupita kiasi ili kopo moja litoshe vibao viwili. Jambo hilo alilifanya mara nyingine zamani, na mvua ilipofichua makosa, wenye vibao hawakujua pa kumtafuta. Walilaumu mvua, au walilaumu mafundi wote kwa jumla. Safari hii lawama ilikuwa na jina, kazi, anwani na namba. Yeye mwenyewe alikuwa amezichapa.

Alisimama mbele ya mlango ule kwa muda. Angeweza kusema kwamba mvua ya mwaka huu ilikuwa kali. Hilo lilikuwa kweli. Angeweza kudai nusu ya gharama. Wengine wangefanya hivyo. Aliitazama kadi mkononi mwa mama yule. Ilikuwa imelowa pembeni, lakini herufi zake zilikuwa zikisomeka zote.

"Kesho nitakuja na rangi," akasema. "Hutalipa kitu."

Kazi ile ilimgharimu siku mbili na kopo zima la rangi nzuri, na mwezi ule karo ilichelewa. Binti yake alirudishwa nyumbani kwa juma moja. Fundi hakumficha sababu. Alimweleza tangu kopo la kwanza lililozimuliwa mpaka la mwisho, na msichana, aliyekuwa ndiye aliyemshauri kutengeneza kadi, alisikiliza mpaka mwisho bila ya neno. Kisha aliuliza kama kadi zilibaki. Zilibaki thelathini na sita.

Habari hiyo ilimfikia mzee wa reli, kwa kuwa mwembe ni mmoja. "Nilisema kadi ni kujitembeza," mzee akasema. "Kumbe ni kujiweka rehani."

Mzee alisema kweli kuliko alivyodhani. Ahadi ni deni, na kadi ni ahadi iliyochapwa. Msafiri wa njia ya kale aliweza kuutua mzigo usiku na kutoroka, na porini hapakuwa na wa kumdai. Wenye misafara walilalamika sana juu ya watoro, na watoro nao walikuwa na malalamiko yao ya haki. Mtu aliyejificha haonewi, na wala haaminiwi. Kipande kilimshika mtu kwa nguvu asitoroke, kwa hiyo hakikumfanya kuwa mwaminifu. Kilimfanya kuwa mfungwa. Kadi humshika mtu kwa hiari yake. Anayeitoa amekubali kutafutwa siku ya sifa na siku ya lawama, naye hawezi kuchagua moja akaiacha ya pili. Hiyo ndiyo bei yake, kubwa kuliko malipo ya mwenye duka la kuchapia.

Tangu masika yale fundi aligeuza kadi kila alipoitoa, na upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, aliandika kwa mkono tarehe ya kazi na aina ya rangi aliyoitumia. Na katika pembe ya chini ya kila kibao kipya, kwa herufi zisizozidi ukubwa wa punje ya mtama, aliweka jina lake. Wapita njia wengi hawalioni. Mwenye kibao hulijua lilipo.